Mashine ya Stoo Inapiga Hodi

Jumatatu, 13 Novemba 2006

Umeme umerudi alfajiri. Asante Bwana. Wiki hii zamu ya umeme hapa mtaani Pasua ni asubuhi, mchana wanakata. Kazi yote lazima iishe kabla ya hapo. Na mashine yangu ya kuchapia ndiyo hiyo – ukiiwasha unaweza kuimba wimbo mzima, beti zote, ukaomba, ukamaliza na chai, bado haijaamka.

Mwalimu Zita alikuja na mtihani wa darasa la nne. Alikaa kwenye benchi nje, akatazama saa yake, akatazama ng'ambo ya barabara. Mwisho akasema anapita kwa Dominika mara moja kumsalimia. Hakurudi. Nilimwona anatoka kule na karatasi zake zimeshachapwa. Alinipungia mkono. Na mimi nikapunga.

Dominika ana kompyuta mpya, imetoka Dar. Anasema ukiigusa tu imeamka. Ya kwangu tuliinunua mnadani kile kiwanda kilipofungwa. Baba Gladness ndiye aliyeing'ang'ania. Alikuwa mtunza stoo pale tangu tunaoana, na hiyo mashine ilikaa mezani kwake. Aliitambua kwa lile kovu la kikombe cha chai juu ya kasha.

Sijui kwa nini naandika yote haya, najua mwenyewe. Lakini nikiandika napumua.

Jumanne, 14 Novemba

Leo niandike jinsi asubuhi zetu zilivyo, maana jana nimeilalamikia mashine na nafsi imenisuta.

Mlango wa duka ni wa chuma na bega langu haliuwezi. Kwa hiyo Baba Gladness anakuja kunifungulia. Akishafungua anakaa kwenye kreti la soda, mimi nawasha mashine, nasoma Neno la siku, tunaomba. Halafu kioo kinaanza kuleta yale maneno yake. Inamtafuta UHASIBU, haimpati. Nabonyeza sawa. Inamtafuta MENEJA, haimpati. Nabonyeza. Inatafuta MANUNUZI. Ni mashine za kiwandani hizo, zilikuwa zimeunganishwa pamoja kwa waya. Na kila jina likitokea, Baba Gladness anasema kitu. Leo ilikuwa Remigius wa uhasibu, aliyekuwa anaficha sukari kwenye droo ya risiti mpaka siku wakaguzi walipofungua wakakuta sisimizi. Alicheka mwenyewe. Nilisahau kwamba ana lile pengo la jino.

Nyumbani hasemi. Tangu kiwanda kifungwe anakaa na redio. Unamuuliza, anajibu, basi. Lakini pale kwenye kreti anaongea.

Printa ikikohoa, ndiyo alama kwamba mashine iko tayari. Hapo anainuka. Mteja wa kwanza hapaswi kumkuta. Hajawahi kuniambia hivyo, ila najua – hataki watu waseme anakaa dukani kwa mke wake.

Jumatano, 15 Novemba

Wifi Eliaichi ameshuka kutoka Machame. Dada yake Baba Gladness. Ameleta mkungu wa ndizi mshare, maziwa, na kitu kimefungwa ndani ya jani la mgomba. Alisubiri ndugu yake arudi kutoka sokoni, hakutaka kunikabidhi mimi.

Wifi alipofungua – isale, jani letu la kuomba msamaha.

Jani moja, la kijani, bichi kabisa, limepigwa fundo katikati. Baba Gladness alilitazama akarudisha mikono nyuma kama mtoto anayeogopa moto. Nikauliza, limetoka kwa Elimringi? Wifi akasema, limetoka nyumbani, wifi. Nikauliza tena. Akasema, wifi, si nimekwambia limetoka nyumbani.

Elimringi ni kaka yao, ndiye anayekaa na mama kule juu. Ile Krismasi ya mwisho tuliyopanda, kiwanda kilikuwa kimefungwa miezi michache tu, tulikuwa wote uani, mbuzi ameshachinjwa, wajomba wamekaa. Elimringi akasema mbele ya watu, huyu amekabidhi funguo za stoo za watu, sasa amekuja kutafuta za kwangu. Baba Gladness aliweka sahani chini. Tulishuka siku hiyo hiyo, na nyama hatukuonja. Hatujapanda tena. Kila Desemba anasema duka lina kazi nyingi.

Na mama mkwe anazeeka. Wifi anasema macho yamefifia, anatambua watu kwa sauti, lakini bado anafunga mzigo wa majani ya ng'ombe mwenyewe, kwa ule mkono wake wa kushoto. Kila jioni anamuulizia Baba Gladness kwa jina lake la utoto, Ndelilio amekuja?

Mtu wa kwetu akitumiwa isale hawezi kusema hakuliona. Nimeomba sana leo. Bwana, tupande mwaka huu. Mama amwone mwanawe akiwa bado anaona kidogo.

Alhamisi, 16 Novemba

Jani limelala juu ya kioo cha kompyuta. Baba Gladness ndiye aliyeliweka, asubuhi. Hataki likae nyumbani, hawezi kulitupa. Basi likae hapo.

Gladness ameandika kwenye simu kutoka Dar: Mama krismasi tunapanda au hatupandi? tiketi zinaisha. Nimemjibu, subiri kidogo mwanangu.

Jumatatu, 20 Novemba

Leo sikupata mteja hata mmoja wa kuchapa. Fotokopi mbili tu. Dominika ana foleni mpaka kwenye mtaro. Ratiba za kipaimara zinakuja, kadi za Krismasi, mitihani ya kufunga shule. Hii ndiyo miezi yangu. Nikiikosa hii, Januari nitafunga.

Nimempigia Rogath, fundi.

Jumanne, 21 Novemba

Rogath amekuja. Mrombo, mcheshi, ana mkoba wa bisibisi. Shikamoo mama, marahaba, akakaa, akasikiliza mashine inavyokoroma, akatikisa kichwa.

Mama, hii mmeipata wapi?

Nikamwambia, mnadani.

Akasema, Wamachame bwana, kitu kikiitwa mnada hamuwezi kupita bila kununua. Nikamwambia, na Mrombo asipowekewa chai hawezi kushika bisibisi, ngoja nikuwekee. Akacheka. Akanywa vikombe viwili.

Halafu akanielekeza, na kwa kweli alinieleza nikaelewa. Alisema mashine haina ugonjwa. Kila asubuhi inapiga hodi kwenye nyumba ambazo watu walishahama. Inapiga hodi kwa Uhasibu, inasubiri ijibiwe, inachoka, inaenda kwa Meneja, inasubiri. Waya wa mtandao wenyewe haupo, alinionyesha tundu lake nyuma, limejaa vumbi. Lakini ndani kuna huduma zinazojiwasha zenyewe kila siku kwa ajili ya huo mtandao. Moja kazi yake kupeleka ujumbe kwa mashine za jirani. Nyingine inaandika majina ya majirani. Nyingine imekaa mlangoni inasikiliza kama kuna fundi wa mbali anataka kuingia. Majirani hawapo, fundi hayupo, wao wanakula tu nguvu ya mashine.

Alifungua orodha yao, ndefu. Akawa anazima moja moja, na kila moja ananiambia kwa nini. Akafuta na yale majina – UHASIBU, MENEJA, MANUNUZI. Aliniuliza, nifute mama? Nikasema futa.

Tukaizima, tukaiwasha. Nilianza Baba Yetu kimoyomoyo. Sikufika kwenye mkate wetu wa kila siku, printa ikakohoa.

Nilipiga makofi. Mtu mzima mimi.

Jumatano, 22 Novemba

Mwalimu Zita amerudi. Alisema, eeh, Mama Gladness, na wewe umenunua mpya? Nikasema ni ile ile, imeokoka. Amechapa mitihani ya madarasa mawili. Wengine wamekuja nyuma yake, hata fundi cherehani wa pale jirani na Dominika.

Asubuhi Baba Gladness alifungua mlango, akakaa kwenye kreti. Nilikuwa natafuta ukurasa wa Neno, miwani sijavaa, printa ikakohoa. Akatazama kioo. Akauliza, haikumwita mtu leo? Nikamweleza Rogath alivyofanya. Nilieleza kwa furaha, mikono inaonyesha.

Akasema, aa. Vizuri.

Akainuka. Sala tulifanya amesimama mlangoni, kofia mkononi.

Siku nzima nimekuwa na furaha. Sasa hivi ninapoandika ndipo naona kwamba leo hakusimulia habari ya mtu yeyote.

Jumamosi, 25 Novemba

Siku ya nne anafungua mlango anaondoka. Nimemwambia, kaa basi tusome Neno. Anasema, mashine yako iko tayari, mama, fanya kazi.

Ni kweli, iko tayari. Watu wanakuja. Nimelipa kodi ya chumba bila kuomba nafasi. Kwa nini basi natazama kreti?

Jumatatu, 27 Novemba

Kiburi changu leo kimenipata.

Asubuhi umeme ulipokuja nikaona, kama Rogath alizima zile na mashine ikawa nyepesi, nikizima na nyingine si itaruka kabisa? Nilifungua ile orodha kama alivyonionyesha. Kizungu changu ni cha darasa la saba na kozi ya taipu kwa masista. Nikaona moja imeandikwa mambo ya kuchapa. Nikawaza, printa yangu imeshikwa na waya wake hapa hapa mezani, inahitaji mtu wa kati wa nini? Nikaizima.

Mwalimu Zita akaja na mtihani. Nabonyeza chapa, kimya. Nabonyeza, kimya. Mashine inaniambia hakuna printa, na printa hii hapa nimeiwekea mkono. Nikampigia Rogath, simu haipatikani. Zita akakaa kwenye benchi nje. Naona ng'ambo ya barabara kunavyomwita.

Baba Gladness akaja na chupa ya chai. Alinikuta nimeshika kichwa. Hakuuliza. Alimimina chai, akampelekea Zita kikombe kule nje, wakasalimiana vizuri, akarudi, akakaa kwenye kreti. Tukawa tunasubiri Rogath apige.

Akasema, Mama Gladness, unajua kilichonikata siyo Elimringi.

Niliacha kubonyeza.

Akasema, Elimringi ni mropokaji tangu utoto, ningemjibu yakaisha. Ila aliposema yale ya funguo, mama alicheka. Mimi nilikuwa namtazama yeye. Nilitaka amkemee. Akacheka.

Miaka yote hii. Nilikuwa pale pale uani na sikumwona mama mkwe akicheka. Nilikuwa najishughulisha na ndizi.

Alikuwa anataka kuendelea. Nilimwona, mdomo umefunguka. Simu ikalia. Rogath alicheka mpaka akakohoa – mama, umemfukuza karani wa printa, yule hafanyi kazi na mtandao peke yake, ndiye anayepanga karatasi zako foleni, mrudishe. Nikamrudisha. Printa ikakohoa.

Baba Gladness akachukua chupa yake ya chai akaondoka.

Jumapili, 3 Desemba

Majilio ya kwanza. Mshumaa mmoja umewashwa. Mchungaji amehubiri juu ya kungoja. Alisema siku hizi tunataka kila kitu kije upesi na hatujui tena kukaa tukingoja pamoja. Nilitazama viatu vyangu. Baba Gladness alikuwa upande wa wanaume, sikuweza kuona uso wake.

Jumanne, 5 Desemba

Jani limeanza kubadilika rangi pembeni, joto la kioo. Nimelifuta vumbi. Sikugusa fundo.

Alhamisi, 7 Desemba

Nimempigia Rogath nikamwomba airudishe mashine kama ilivyokuwa. Alidhani simu ina kelele. Akauliza mara mbili. Halafu akasema, mama yangu, nimetibu mashine nyingi Moshi hii, sijawahi kuombwa nirudishe ugonjwa. Nikamwambia nina sababu. Akasema, hata nikizirudisha huduma zote, yale majina nimeshayafuta, haitamtafuta mtu, itachelewa tu bure. Na wateja wako? Nikasema, basi mwanangu, acha, ni utani.

Ni kweli, na wateja? Leo nimechapa ratiba za kipaimara za usharika mzima. Karatasi zimeisha, nimemtuma mtu mjini, Double Road, akaninunulie nyingine. Siwezi kuwaweka watu kwenye benchi tena. Hiyo ndiyo kweli, Bwana, na wewe unaijua. Naomba vitu viwili visivyokaa kwenye chumba kimoja.

Jumatatu, 11 Desemba

Gladness: Mama mbona hujibu. Basi zimejaa zimebaki za tarehe 22.

Nimemwonyesha baba yake. Amesoma, akanirudishia simu. Akasema, mwambie aje, nyumbani ni hapa pia.

Hapa pia. Amesema pia.

Ijumaa, 15 Desemba

Wifi amepiga kwa simu ya jirani. Mama mkwe ameanguka bandani, si vibaya, amechubuka goti. Amekataa kupelekwa zahanati. Elimringi amemwekea dawa. Wifi aliuliza, isale alilichukua yeye au lilikaa kwako? Nikasema alilichukua, liko mahali anapoliona. Akasema, mwambie alitazame basi. Nikauliza, alitazame vipi? Akasema, wifi, salio linaisha, na likaisha kweli.

Nimemwambia Baba Gladness habari ya goti. Ameuliza, goti lipi? Nikasema sikuuliza. Alizima redio. Alikaa na redio iliyozimwa mpaka tukaenda kulala.

Jumatatu, 18 Desemba

Naandika hapa hapa dukani, nyuma ya karatasi ya fotokopi iliyoharibika, nitaibandika kwenye daftari jioni.

Asubuhi amefungua mlango. Usiku sikulala vizuri, nilikuwa nimepanga, na nilimwambia Bwana kabisa kwamba nitafanya dhambi ndogo, anisamehe kabla. Niligeuza kioo kielekee ukutani, upande wangu. Nikamwambia, Baba Gladness, kaa kidogo, leo mashine imerudia ule ugonjwa wake.

Akauliza, tena?

Nikasema, tena. Inatafuta.

Akakaa kwenye kreti. Nikabonyeza kitufe. Nikafungua Neno, nikaanza kusoma polepole, na mashine – hii mashine isiyo na huruma – ikaamka kama kawaida. Printa ikakohoa. Na mimi nikakohoa juu yake, kwa nguvu, nikajipiga kifua, nikasema vumbi hili.

Akanitazama. Halafu akatazama printa. Mtu aliyekaa na vitu hivi miaka yote ile stoo.

Akauliza, bado inatafuta?

Nikasema, bado.

Akasema, haya, iache itafute.

Nikamaliza kusoma. Akaomba yeye leo, kwa muda mrefu, akamtaja mama yake na goti. Tukasema amina. Halafu akanyoosha mkono akalishusha jani kutoka juu ya kioo. Ni mara ya kwanza analishika tangu alilaze pale. Lilikuwa limekauka, limelia kidogo kwenye vidole. Nikamwambia, wifi alisema ulitazame. Akaligeuza huku na huku, akalisogeza kwenye mwanga wa mlangoni.

Akapitisha kidole juu ya fundo.

Akasema, Elimringi hakufunga hili.

Nikauliza, umejuaje?

Akasema, njoo uone fundo. Mtu anapofunga kwa kulia, ncha inatokea huku. Hii imetokea kule. Hivi ndivyo anavyofunga majani ya ng'ombe. Nimebeba mizigo yake kichwani tangu nina miaka sita, Mama Gladness. Fundo la mama nalijua gizani.

Nikamtazama usoni. Mzazi hamtumii mtoto isale. Sijawahi kusikia, na nimezaliwa huko huko. Mtoto ndiye anayempelekea mzazi. Na yule mama, macho yake yale, alikwenda mwenyewe mpakani mwa kihamba, shamba la nyumbani, kulichuma, akapapasa mpaka akalipata.

Alicheka, basi na yeye alijua kwamba alicheka.

Baba Gladness amelishika kwa mikono miwili kama kifaranga. Hakulia. Ila ule mdomo unatafuta neno. Na hapo nje nikasikia viatu, benchi likalia, na Mwalimu Zita akaita, hodi Mama Gladness, mashine imewaka? Nina haraka, tunafunga shule kesho.

Nikainuka kugeuza kioo. Wateja ni wateja. Baba Gladness akaniwekea mkono juu ya mkono wangu, akaushusha. Hakutoka. Alibaki pale pale kwenye kreti, mchana kweupe, mbele ya mlango ulio wazi, akaitikia mwenyewe kwa sauti:

Karibu mwalimu, kaa hapo kidogo. Bado inatafuta.

Zita amekaa. Nasikia anamenya chungwa. Ng'ambo ya barabara Dominika ameshafungua dirisha lake. Mwenzangu ananyoosha lile jani juu ya goti lake, bila kufungua fundo, na ameniomba nimpe simu yangu. Nimempa. Ameishika. Anauliza namba ya jirani wa mama inaanza na ngapi